Majeraha ya Ardhi: Jinsi Athari za Vita kwa Mazingira Zinavyopimwa Kutoka Angani

Kupima athari za vita kwa mazingira ni kutafuta tofauti kati ya mambo mawili: ardhi ilivyo baada ya mapigano, na ardhi ambavyo ingekuwa kama mapigano yasingetokea. Jambo la kwanza setilaiti hulionyesha waziwazi. La pili halipigwi picha na chombo chochote, kwa kuwa halikutokea. Ni lazima likadiriwe, na karibu ugumu wote wa fani hii umo katika makadirio hayo. Picha ya msitu uliokwanguliwa kuzunguka kambi ya wakimbizi inaweza kumtoa mtu machozi, lakini bado si kipimo. Huwa kipimo pale inapojulikana msitu huo ulikuwaje miaka kumi kabla, ulikuwa ukipungua kwa kasi gani hata wakati wa amani, na misitu ya aina yake ambayo vita havikuifikia ilikuwa na hali gani katika kipindi hichohicho.

Setilaiti za kuchunguza ardhi hufanya kazi tofauti na kamera ya simu. Nyingi kati yake hupima kiasi cha mwanga wa jua kinachorudishwa na ardhi, zikiugawa mwanga huo katika mikanda ya mawimbi, mingine ya kuonekana kwa macho na mingine isiyoonekana. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani likinyauka, uwiano huo huvurugika. Kipimo cha ukijani kinachotumika zaidi duniani hutokana na jambo hilo moja: kiasi cha infraredi hutolewa kiasi cha wekundu, kisha tofauti hiyo hugawanywa kwa jumla ya viwili hivyo. Jibu huwa namba kati ya -1 na 1. Mchanga mtupu huwa karibu na 0.1, na msitu mnene hufika 0.8. Maji hufyonza infraredi karibu yote, hivyo bwawa au ziwa huonekana jeusi tii na mipaka yake hupimika kwa urahisi. Ardhi iliyoungua ina alama yake, na moto wenyewe, hata usiku, hutambuliwa kwa joto lake.

Rada hufanya kazi kwa njia nyingine. Haingoji jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea mwangwi wake, na mawimbi hayo hupenya mawingu na moshi. Katika bonde la Kongo, ambako wiki nyingi zinaweza kupita bila anga kuwa wazi, rada mara nyingi ndiyo njia pekee ya kujua kilichotokea mwezi fulani. Baharini hufichua mafuta yaliyomwagika, kwa sababu utando wa mafuta hulaza viwimbi vidogo vya juu ya maji. Mwangwi haurudi, na mahali pale huonekana kama doa jeusi. Mjini hulinganisha mwangwi wa leo na wa siku chache zilizopita: jengo lililosimama hutoa mwangwi uleule kila mara, na jengo lililogeuka kifusi hutoa mwangwi mwingine kabisa.

Kila picha imejengwa kwa vipande vidogo vya mraba viitwavyo piseli, na kitu kilicho kidogo kuliko piseli hakionekani peke yake. Setilaiti za Landsat, za Marekani, kwa sasa hupima kwa piseli ya mita 30 kwa 30. Uwanja wa mpira wa miguu huchukua takriban piseli nane za namna hiyo. Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina piseli ya mita 10, na uwanja uleule hujaa piseli sabini hivi. Vipo vyombo vya kibiashara vinavyoona kitu cha sentimita 30, lakini picha zake hununuliwa, na mara nyingi hakuna aliyeiagiza picha ya mahali fulani kabla ya vita kuanza. Kwa mtu anayepima, kumbukumbu ndefu ya piseli kubwa mara nyingi ina thamani kuliko picha moja kali. Landsat ina kumbukumbu ya zaidi ya miaka hamsini, nayo ndiyo msingi wa kazi nyingi zinazoelezwa hapa.

Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972. Tarehe hiyo inauma kidogo, kwa sababu unyunyiziaji wa dawa za kuua majani uliofanywa na ndege za Marekani juu ya misitu ya Vietnam Kusini kwa karibu miaka kumi ulikuwa umesitishwa mwaka mmoja tu kabla. Uharibifu mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa makusudi dhidi ya msitu wakati wa vita ulikosa shahidi wa aina hii. Sehemu ya pengo hilo ilikuja kuzibwa mwaka 1995, serikali ya Marekani ilipoondoa usiri kwenye picha zaidi ya 860,000 zilizopigwa na setilaiti za kijasusi kati ya 1960 na 1972. Zilikuwa picha za filamu, nyingi za rangi nyeusi na nyeupe, zilizodondoshwa kutoka angani ndani ya makasha na kudakwa na ndege yakiwa bado hewani. Zilipigwa ili kuhesabu makombora ya adui. Leo wanasayansi wa mazingira hutumia hazina hiyo na nyingine za aina yake kujua misitu ilikuwa wapi na mabomu yaliacha mashimo wapi.

Vita vya kwanza ambavyo uharibifu wake wa mazingira ulifuatiliwa na setilaiti mfululizo ni vya Ghuba vya mwaka 1991. Majeshi ya Iraki yalipokuwa yakiondoka Kuwait yaliwasha moto visima vya mafuta zaidi ya 600, na cha mwisho kilizimwa Novemba mwaka huohuo. Landsat 5 ilionyesha mikia ya moshi ikitambaa juu ya jangwa, na setilaiti za hali ya hewa zikaufuata moshi huo ukipita nchi baada ya nchi. Baadhi ya wanasayansi walihofu kwamba moshi ungepanda juu sana na kuvuruga majira ya mvua barani Asia. Haukupanda hivyo. Ulibaki katika tabaka la chini la anga, ukashuka pamoja na mvua na vumbi, na hofu ile ikaondoka. Madhara makubwa yalikuwa chini: maziwa ya mafuta ghafi yaliyotuama jangwani, na mchanga ulioshikana na masizi na matone ya mafuta ukawa gamba gumu kama lami. Moshi ulipokwisha, magamba hayo bado yalionekana kwenye picha kwa rangi yake ya giza, na ndiyo yaliyopimwa mwaka baada ya mwaka.

Iraki yenyewe ilitoa mfano mwingine, ambao haukuhusu moto wala bomu. Kusini mwa nchi hiyo, mahali ambapo mito ya Tigris na Euphrates hukaribiana, palikuwa na mabwawa ya matete yenye ukubwa wa kilomita za mraba 15,000 hadi 20,000, yaliyokaliwa kwa maelfu ya miaka na watu walioishi kwa samaki, nyati na matete. Baada ya uasi wa mwaka 1991 serikali ya Saddam Hussein iliyakausha kwa mifereji na matuta, ili waasi wasipate pa kujificha. Vyombo vya habari havikuweza kufika. Mwaka 2001 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti iliyolinganisha picha za Landsat za miaka ya 1970 na za mwaka 2000: takriban asilimia 90 ya mabwawa ilikuwa imetoweka. Ripoti hiyo ilikuwa na uaminifu wa kukiri kwamba mifereji ya Saddam haikuwa sababu pekee. Mabwawa makubwa ya kuzuia maji yaliyojengwa kwenye mito hiyo, huko Uturuki, Syria na Iraki kwenyewe, yalikuwa yameshapunguza mafuriko ya kila mwaka yaliyoyalisha matete. Utawala ulipoanguka mwaka 2003, wakazi walibomoa matuta kwa mikono na mashine, na picha zilizofuata zikaonyesha weusi wa maji ukirudi.

Si kila uharibifu huacha alama kubwa namna hiyo. Ule unaowahusu watu wengi zaidi barani Afrika huanzia kwenye jiko la mafiga matatu. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 850,000 waliingia eneo la Goma, mashariki mwa Kongo, kwa muda wa siku chache. Kambi za Kibumba, Kahindo na Katale zilisimama ukingoni mwa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo ndiyo hifadhi kongwe ya taifa barani. Watu hao walihitaji kupika. Hawakuwa na gesi, wala mafuta ya taa, wala fedha. Walikuwa na panga na msitu. Hadi kambi zilipofungwa mwaka 1996, zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu zilikuwa zimeguswa, na takriban 35 kati yake zilikuwa zimekatwa kabisa. UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 1994.

Mkato wa namna hii una umbo lake ukitazamwa kutoka juu. Huanzia kambini na kupanuka kama doa la mafuta kwenye karatasi, kwa sababu mtu huokota kuni za karibu kwanza, na kila mwezi hutembea mbele kidogo. Mpimaji huchora duara baada ya duara kuzunguka kambi na kulinganisha ukijani wa kila duara, kabla na baada. Kama kambi ndiyo iliyosababisha, athari itapungua kadiri umbali unavyoongezeka, na mahali fulani itaisha. Biashara ya mkaa, au makala kama wanavyosema Goma, haina umbo hilo. Wachomaji huingia ndani kabisa mwa msitu, hukata miti iliyokomaa na kuacha mingine, hujenga tanuri, kisha huhama. Piseli ya mita 30 ambayo miti mitatu kati ya kumi imeondolewa bado ni ya kijani. Inaweza kupita miaka kadhaa ya wizi wa polepole kabla ya ramani kusema kwamba msitu umepotea, na makundi yenye silaha yanayotoza ushuru kwenye magunia ya makala hufaidika katika kipindi hicho chote. Hapa picha za piseli ndogo, na rada ya mawimbi marefu inayopenya majani na kugonga vigogo, huona yale ambayo kipimo cha ukijani huyapita.

Goma pia ni mahali pazuri pa kujifunzia jinsi sababu zinavyochanganyika. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Jirani yake Nyamulagira hulipuka mara kwa mara. Lava hufuta uoto kama panga lifutavyo, na majivu hunyausha majani mbali na mkondo wake. Mji umekua sana katika miongo mitatu, na mashamba yamepanda miteremko. Halafu vikaja vita vya waasi wa M23 vya 2012, vikarudi tena kuanzia mwishoni mwa 2021, na mamia ya maelfu ya watu wakajaa Kanyaruchinya, Bulengo na kambi nyingine kandokando ya mji hadi Goma ilipotekwa Januari 2025. Yeyote anayechukua picha ya 1990 na ya 2024 na kuita tofauti yote “athari za vita” amehesabu volkano, ongezeko la watu na njaa ya ardhi katika fungu moja. Kazi nzuri hutumia mfululizo wa picha za kila mwaka, hutenga maeneo ya lava, na huuliza kama mkato uliongezeka miezi ileile watu walipofika.

Mkato huo hauheshimu mpaka wa nchi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja na kuingia Ngara, Tanzania, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa uliozungukwa na vilima vinavyopungukiwa miti. Tanzania haikuwa vitani. Miti yake ilikuwa vitani.

Mfano bora zaidi wa kutenganisha sababu unatoka katika bonde la mto Yarmouk, unaotiririka kutoka Syria kwenda Jordan. Baada ya vita vya Syria kushika kasi, maji yanayofika Jordan yaliongezeka kupita kiasi kilichozoeleka. Watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha maelezo yao mwaka 2016. Hawakuweza kwenda Syria, kwa hiyo walitumia Landsat kupima mashamba ya umwagiliaji na uso wa maji katika mabwawa makubwa 11 ya upande wa Syria. Eneo linalomwagiliwa lilikuwa limepungua kwa karibu nusu, na maji yaliyohifadhiwa vilevile. Wakulima walikuwa wamekimbia; pampu zilikuwa kimya. Maji yaliyoingia Jordan yalikuwa yamefika zaidi ya mara tatu ya yale ya awali.

Watafiti hao hawakuishia hapo, na hilo ndilo linaloipa kazi yao uzito. Kabla ya vita, eneo lote lilikuwa na ukame mkali, na mvua zilirudi karibu wakati uleule watu walipoanza kukimbia. Mto ungeweza kujaa kwa mvua tu. Wakaangalia maeneo jirani yenye hali ya hewa ileile lakini ambayo hayakuwa vitani, yaani upande wa Jordan na miinuko ya Golan inayoshikiliwa na Israeli, wakaona mvua peke yake ilibadilisha nini. Kwa kulinganisha, walikadiria kwamba takriban nusu ya ongezeko la maji ilitokana na watu kuhama, na iliyobaki ilitokana na kuisha kwa ukame. Ile hali ambayo haikutokea, Syria isiyo na vita, ilipata kivuli chake katika nchi jirani. Na Jordan haikufaidika kama namba zinavyoweza kudokeza, kwa kuwa iliwapokea mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wakiyatumia maji hayo upande wa pili.

Yarmouk inaleta jambo ambalo msomaji wa ramani za vita hupaswa kulizoea: mara nyingine vita huongeza maji, miti na majani, na ongezeko hilo ni dalili ya msiba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kuhusu Darfur, nchini Sudan, ulionyesha uoto ukistawi baada ya vita kuanza mwaka 2003 katika maeneo ambayo vijiji vilichomwa. Hapakuwa na jembe, hapakuwa na mifugo ya kula majani; watu walikuwa wameuawa au wako kambini. Ukijani ule ulikuwa ramani ya waliokosekana.

Gorongosa, katikati ya Msumbiji, ina hadithi inayofanana lakini ndefu zaidi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1977 hadi 1992, wapiganaji na wawindaji waliwaua tembo, nyati, viboko na wanyama wengine wakubwa hadi zaidi ya asilimia 90 wakaisha. Hakuna setilaiti ya wakati ule ambayo ingeweza kuhesabu nyati mmoja mmoja. Lakini tembo huangusha miti, na wanyama wanaokula vichipukizi huzuia michongoma isiwe msitu. Walipoondoka, mbuga ilianza kufunga. Watafiti walipolinganisha picha za mwaka 1977 na za 2012, kifuniko cha miti kilikuwa kimeongezeka kwa takriban theluthi moja. Mtu asiyejua historia ya mahali pale angeisoma picha hiyo kama habari njema ya uhifadhi. Wanyama waliokufa walipimwa kupitia miti waliyoacha kuila.

Nchini Ukraine picha zilikuja kwa wingi usio na kifani, kwa sababu vita vya 2022 vilikuta anga limejaa setilaiti zinazotoa data bure kila baada ya siku chache. Bwawa la Kakhovka kwenye mto Dnipro lilibomolewa tarehe 6 Juni 2023. Ziwa lake lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,150. Rada ya Sentinel-1 ilionyesha mafuriko yakisambaa chini ya bwawa, huku juu yake ziwa lote likipungua hadi kubaki mkondo na madimbwi. Kufikia kiangazi kilichofuata, sakafu ya ziwa ilikuwa imefunikwa na mierebi michanga, na kipimo cha ukijani kikapanda tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliunganisha picha na sampuli za tope, ukaonyesha kwamba chini ya mierebi hiyo kuna makumi ya maelfu ya tani za metali nzito, zilizotuama kutoka viwandani kwa miongo kadhaa, ambazo sasa maji ya mafuriko yanaweza kuzibeba. Sumu hiyo setilaiti haiioni. Risasi iliyoingia kwenye udongo, mafuta yaliyofika kwenye maji ya kisima, baruti iliyooza, yote hayo hujulikana kwa koleo, chupa ya sampuli na maabara. Na mara nyingi mahali panapohitaji koleo ndipo penye mabomu ya ardhini.

Mioto inastahili tahadhari yake. NASA huchapisha kila siku ramani ya nukta za joto duniani kote, na magazeti hupenda kuzitumia kuonyesha mstari wa mapigano. Lakini mkulima wa Ukraine huchoma mabua baada ya mavuno, mkulima wa Kivu huchoma shamba kabla ya mvua, na nukta yake ni nyekundu sawasawa na ya ghala la silaha. Ni lazima kwanza ijulikane mioto mingapi huwaka mahali hapo, mwezi huo, katika miaka ya kawaida. Kinachozidi ndicho kinachohitaji maelezo.

Kuna kosa jingine, nalo huwapata hata wataalamu. Ramani ya kompyuta hupanga kila piseli katika fungu: msitu, shamba, maji, mji. Hukosea mara chache, na uchache huo hudanganya. Mfano ni eneo lenye msitu wa kilomita za mraba 10,000. Ramani iliyo sahihi kwa asilimia 99, jambo ambalo ni nadra, bado imeweka kilomita za mraba 100 pasipo pake, na hizo ni karibu sawa na eneo lote la Virunga lililoguswa na kambi za 1994. Kwa hiyo kuhesabu piseli za rangi nyekundu na kutangaza jumla yake si kupima. Njia inayokubalika ni kuchagua nukta kwa bahati nasibu, mamia kadhaa, kuzikagua moja moja kwa picha kali au kwa mtu aliyefika mahali hapo, kisha kuirekebisha jumla na kuitaja pamoja na kiwango cha shaka yake. Ripoti isiyotaja shaka hiyo haistahili kuaminiwa, hata kama ramani yake inapendeza.

Upatikanaji wa picha nao si jambo la kiufundi tu. Kabla ya 2008 picha moja ya Landsat iliuzwa kwa takriban dola 600, na uchunguzi wa miaka kumi mfululizo ulikuwa nje ya uwezo wa vyuo vingi vya Afrika. Mwaka huo hazina yote ilifunguliwa bila malipo. Picha kali zaidi zimebaki chini ya uamuzi wa makampuni na serikali zao. Sheria ya Marekani ya miaka ya 1990 iliyazuia makampuni ya nchi hiyo kuuza picha za Israeli na maeneo ya Wapalestina zenye ukali wa chini ya mita mbili, na kikomo hicho kililegezwa mwaka 2020 tu. Machi 2025 Marekani ilisitisha kwa muda huduma ya picha za kibiashara iliyokuwa ikiipatia Ukraine. Ndiyo maana vyombo vya umma, vyenye piseli kubwa lakini visivyofungiwa mtu, vimekuwa na umuhimu kama huo. Kituo cha setilaiti cha Umoja wa Mataifa, UNOSAT, na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, walipokadiria mashamba ya Gaza katika masika ya 2025, walikuta zaidi ya asilimia 80 yameharibiwa, na ardhi iliyobaki ikilimika ilikuwa chini ya asilimia 5.

Namba hizi hatimaye hufika mbele ya sheria, na sheria ina vipimo vyake. Mkataba wa mwaka 1976 unaokataza kugeuza mazingira kuwa silaha uliambatana na ufafanuzi kwamba athari “pana” ni ya kilomita za mraba mia kadhaa, na ya “muda mrefu” ni ya miezi au msimu mmoja. Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ilitumia maneno yanayokaribiana, lakini ilitaka madhara yawe mapana, ya muda mrefu na makali kwa pamoja, na muda mrefu hapo ulieleweka kuwa ni miongo. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unatambua uharibifu wa mazingira kuwa uhalifu wa kivita, lakini katika vita vya kati ya nchi na nchi tu. Vita vya ndani, ambavyo ndivyo vinavyokata misitu mingi ya Afrika, havimo katika kifungu hicho.

Kesi iliyofanikiwa zaidi ni ya Ghuba. Tume ya Fidia ya Umoja wa Mataifa ilipokea madai ya mazingira ya takriban dola bilioni 85, ikakubali bilioni 5.3 hivi. Kabla ya kuamua, tume ilifanya jambo la busara ambalo halijaigwa mara nyingi: ilitoa zaidi ya dola milioni 240 kwa nchi zilizoathirika ili zikapime kwanza, kwa setilaiti, kwa meli na kwa miguu. Madai yaliyokataliwa yalianguka hasa kwa kukosa ushahidi kwamba madhara yalitokana na vita hivyo na si na jambo lingine.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325 kwa sababu ya vita vya 1998 hadi 2003: milioni 225 kwa madhara kwa watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Dai la ukataji misitu lilikataliwa. Mahakama ilisema Kongo haikuipa msingi wowote wa kukadiria uharibifu huo. Siku hiyo, kumbukumbu ya Landsat ya misitu ya mashariki mwa Kongo, ya miaka ya vita na ya kabla yake, ilikuwa imeshafunguliwa kwa umma bila malipo kwa zaidi ya miaka 13.